Kozi ipi inalipa? Swali la mpwa wangu na miaka ya kwanza baada ya chuo

Jumamosi moja baada ya magharibi nilikuwa nimekaa barazani kwa dadangu kule Likoni, kikombe cha kahawa mkononi, mpwa wangu akaja na simu yake akaketi karibu nami. Alikuwa amepata B- katika mtihani wa KCSE, na siku za kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS zilikuwa zinayoyoma. "Mjomba," akasema, "nimebakisha tatu. Ualimu, uuguzi na biashara. Niambie ukweli, ipi inalipa?"

Mamake alikuwa ndani akikanda unga wa mahamri ya alfajiri. Nilisikia mikono yake ikisimama. Alitaka kusikia nitajibu nini, na ana haki. Mahamri hayo ndiyo yaliyolipa karo ya huyu binti miaka minne, na nyuma yake kuna wadogo wawili.

Si mara ya kwanza kuulizwa swali hilo. Kila matokeo yakitoka, wazazi wa mtaani hunitumia watoto wao kwa kuwa inasemekana mimi "nimesoma". Na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu vibaya. Nilikuwa nikitaja mishahara tu: daktari hupata kadha, mhandisi kadha, mwalimu kadha, basi chagua kile kikubwa unachokifikia. Usiku ule nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hivyo hivyo, nikakumbuka yaliyonipata mwenyewe.

Nilihitimu mwaka 2012 na shahada ya sayansi ya jamii. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alipata C, akaenda chuo cha ufundi kusomea diploma ya umeme. Siku ya mahafali yangu alikuja kunipongeza akiwa amevaa buti za kazi, kwa sababu alitoka moja kwa moja kwenye jengo alilokuwa akilitia nyaya. Mimi nilizunguka na bahasha ya khaki kwa miezi kumi na tisa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kukusanya takwimu kwa shirika moja, mkataba wa miezi sita, Sh18,000 kwa mwezi. Rafiki yangu wakati huo alikuwa akipata karibu mara mbili ya hizo, ukijumlisha malipo ya saa za ziada.

Leo tukikaa kwenye meza ya kahawa hakuna tofauti kubwa kati yetu, na pengine mimi nimempita kidogo. Lakini ile miaka mitano ya mwanzo ndiyo iliyoamua nani alioa mapema, nani alimjengea mamake chumba cha mawe, na nani alikuwa akizima simu akiona meseji ya HELB. Sitakwambia aliyezima simu ni nani.

Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu kwamba swali lake ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni: kozi hii inalipa kiasi gani? La pili ni: inaanza kulipa lini? Watu huuliza la kwanza na kusahau la pili, ilhali kwa kijana wa miaka ishirini na mitatu la pili mara nyingi ndilo zito zaidi.

Nikachukua kalamu nikamchorea mfano kwenye karatasi ya kufungia mahamri. Tarakimu ni zangu za kutolea mfano tu, usizichukue kama takwimu za wizara. Vijana wawili wametoka kidato cha nne siku moja. Wa kwanza anasoma diploma ya miaka mitatu, anakaa miezi sita bila kazi, kisha anaanza kwa Sh28,000. Wa pili anasoma shahada ya miaka minne, anakaa mwaka mmoja na nusu bila kazi, kisha anaanza kwa Sh45,000. Ukiuliza nani analipwa zaidi, jibu liko wazi. Sasa hesabu pesa zilizoingia mkononi katika miaka minane tangu watoke shule. Wa diploma amefanya kazi miezi 54, amepata Sh1,512,000. Wa shahada amefanya miezi 30, amepata Sh1,350,000. Mwenye mshahara mdogo yuko mbele kwa Sh162,000.

Mpwa wangu, ambaye hesabu anaiweza kuliko mimi, akatazama karatasi akauliza: "Na mwaka wa tisa?"

Hapo alinibana. Tofauti ya mishahara yao ni Sh17,000 kwa mwezi, kwa hivyo mishahara ikibaki vile vile, ndani ya miezi kumi wa shahada atakuwa amemfikia mwenzake na kumpita, na tangu hapo pengo litazidi kupanuka. Sisemi basi kwamba diploma ni bora kuliko shahada. Ninachosema ni kwamba miezi ya kusubiri ni sehemu ya mshahara, na hakuna chuo kinachoiandika kwenye orodha ya kozi zake. Nyumba inayoweza kumlisha kijana miezi kumi na minane bila yeye kuleta shilingi inaweza kuchagua njia ya pili kwa raha zake. Nyumba ambayo wadogo wanasubiri karo lazima ifanye hesabu kwanza.

Kuna jambo jingine linalotupotosha tunapolinganisha mishahara. Tunaona madaktari wanalipwa vizuri, tunasema udaktari ndio unaolipa. Lakini anayeingia udaktari alikuwa na A tangu mwanzo. Huenda angefanya biashara au sheria bado angefanikiwa. Je, ni kozi iliyomletea pesa, au ni kichwa chake na shule aliyosomea?

Wachumi wamelihangaikia swali hili na wakapata njia nzuri ya kulijibu. Huwachukua wanafunzi waliokuwa karibu kabisa na mstari wa kuingia katika kozi fulani. Aliyevuka kwa nukta na aliyekosa kwa nukta ni watu wale wale kwa akili, isipokuwa mmoja aliingia na mwingine akapelekwa kwenye chaguo lake la pili. Ukiona mishahara yao imeachana baadaye, hapo kozi yenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Kwetu hapa kila mwaka kuna mamia ya vijana wanaokosa kozi kwa sehemu ndogo ya pointi za KUCCPS, kwa hivyo msomaji unaielewa hali hiyo bila mimi kuieleza sana.

Katika chuo kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, Marekani, idara ya uchumi iliweka sharti kwamba mwanafunzi asiyefikisha wastani wa 2.8 katika masomo ya utangulizi asiendelee na uchumi. Watafiti Zachary Bleemer na Aashish Mehta waliwafuatilia waliokuwa karibu na mstari huo, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2022. Waliofanikiwa kuingia kwa shida walikuwa wakipata, katika miaka yao ya mwanzo kazini, takriban dola 22,000 zaidi kwa mwaka kuliko ambavyo wangepata kwa kozi yao ya pili. Hiyo ni asilimia 46 zaidi. Na karibu nusu ya ziada hiyo ilitokana na sekta walizoingia kufanya kazi, yaani zile zinazolipa zaidi, kama vile za fedha. Shika hapo, kwa sababu nitarudi: kozi iliwapeleka kwenye mlango fulani, na mlango ndio uliolipa.

Norway nako wanafunzi huandika orodha ya kozi wanazozitaka, halafu mfumo mmoja wa taifa huwapanga kwa alama, karibu sawa na KUCCPS yetu. Utafiti wa Kirkeboen, Leuven na Mogstad uliochapishwa mwaka 2016 ulipata mambo mawili ambayo ningependa yabandikwe ukutani kwenye kila saiba wanakojazia fomu. Kwanza, unachosomea kina uzito mkubwa kwenye mshahara kuliko jina la chuo unakosomea. Sisi hufanya kinyume: mzazi yuko radhi mtoto apewe kozi yoyote, mradi chuo ni kile cha Nairobi. Pili, wanafunzi kwa jumla walikuwa wakichagua fani ambazo wao wenyewe walikuwa na nafuu ndani yake. Kozi inayomlipa jirani yako si lazima ikulipe wewe, kama yeye anaiweza na wewe unaiburuta.

Sasa turudi nyumbani, tuone milango yenyewe.

Ualimu. Mlango mkubwa hapa ni mmoja, TSC. Panapokuwa na mwajiri mmoja mkubwa, mshahara haupandi wala kushuka kwa sababu ya wingi wa waliohitimu. Mshahara umeandikwa. Kinachorefuka ni foleni. Walimu wengi walioingia sekondari msingi waliingia kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wapatao 46,000 mwaka 2024 walipogoma wakidai ajira ya kudumu, na wakaipata Januari 2025. Fikiria mtu mwenye shahada ya miaka minne, amepanga chumba, ana mkopo, anaishi kwa pesa hizo. Wasioingia hata huko huenda shule za binafsi, au huajiriwa na bodi za shule na kulipwa kwa michango ya wazazi, mwezi mwingine unalipwa, mwezi mwingine unaambiwa subiri. Lakini ndani ya shahada ile ile ya ualimu kuna foleni mbili. Shule zinalilia walimu wa hisabati na fizikia, huku wa historia na dini wakiwa wengi kupita nafasi. Cheti ni kimoja, joho ni moja, ila mmoja ataitwa mapema kuliko mwenzake. Nilimwambia mpwa wangu: ukichagua ualimu, hujamaliza kuchagua. Bado masomo mawili utakayofundisha, na hayo ndiyo yatakayoamua utasubiri kiasi gani.

Afya. Wengi wanaamini ukishaingia huko umeokoka. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 ulisema takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Mwishoni mwa mwaka ule ndipo pande mbili zilipokubaliana kuurudia mkataba. Unaona basi, kozi ni ile ile ya miaka sita, mgonjwa ni yule yule, lakini mshahara wa kwanza ulikuwa ukivutwa kati ya tarakimu mbili ambazo moja ni karibu mara tatu ya nyingine, na ukisubiri saini ya watu wengine. Wauguzi na wahudumu walioajiriwa kwa mkataba chini ya mpango wa UHC tangu mwaka 2020 nao wameandamana mara kadhaa kwa kulipwa chini ya wenzao wa kudumu wanaofanya kazi ile ile. Hata hivyo uuguzi una jambo moja ambalo kozi nyingi hazina: milango mingi. Kaunti, hospitali za misheni, kliniki za binafsi, na hata nje ya nchi, maana Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya. Mlango mmoja ukifungwa unabisha mwingine.

Sheria na uhandisi nitazipitia haraka. Mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Anakwenda Kenya School of Law, analipa karo nyingine, anafanya miezi sita ya mafunzo chini ya wakili kwa posho ndogo au bila posho, anafanya mitihani, ndipo anaapishwa. Mhandisi husajiliwa kwanza kama mhitimu, na anahitaji uzoefu wa miaka mitatu hivi kabla ya kuomba usajili wa kitaaluma unaomruhusu kuidhinisha kazi kwa jina lake. Katika fani zote mbili mshahara mnono wanaousimulia watu ni wa mtu aliyevuka daraja hilo. Aliye katikati ya daraja hasimuliwi.

Na biashara, ile kozi ya tatu ya mpwa wangu? Mlango wake ni mpana sana, na hiyo ndiyo heri yake na shari yake. Kila ofisi inahitaji mtu wa hesabu au wa mauzo, kwa hivyo hukosi pa kuanzia. Lakini kila mtu anaweza kuingia mlango huo, hata aliyesoma sosholojia kama mimi, kwa hivyo anayeanza hulipwa kidogo mpaka aoneshe kitu cha ziada. Wengi wanaofanya vizuri mapema nimewaona wameiunganisha na mitihani ya uhasibu ya KASNEB. Shahada iliwaingiza kwenye usaili, CPA ikawapa kazi.

Sasa ugonjwa wetu sisi watu wa Pwani: bandari.

Mtoto anayevuka feri kila siku na kuziona kreni za Kilindini zikinyanyua makontena hawezi kuamini kwamba kozi yenye neno "meli" ndani yake inaweza kumwacha bila kazi. Nimewaona wazazi wakiuza vipande vya shamba kwa ajili hiyo. Na si kwamba wamepotea kabisa. Mwaka 2023, kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mzoefu kilichowekwa kupitia shirika la kazi duniani, ILO, kilikuwa dola 658 kwa mwezi, na huyo si afisa. Kwa nyumba nyingi za hapa hizo ni pesa za kubadilisha maisha.

Tatizo ni kwamba meli haisomi cheti cha darasani peke yake. Kazi ya ubaharia inaongozwa na mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978 na marekebisho yake. Kijana anayetaka kuwa afisa wa sitaha, hata akiwa amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, hupaswa kuwa amefanya kazi baharini angalau miezi kumi na miwili ndipo apate cheti cha kumruhusu kushika zamu. Miezi hiyo haipatikani Mama Ngina. Inapatikana ndani ya meli, na meli iwe tayari kumpokea kama mwanafunzi. Kenya haina meli nyingi za masafa marefu zenye bendera yake, kwa hivyo vijana wetu wanashindania nafasi kwenye meli za watu, ambako wenye meli wana vijana wao.

Matokeo yake ni kwamba watu wawili waliosoma darasa moja hapa Mombasa wanaweza kuwa na mishahara ambayo huwezi kuamini ilitoka kozi moja. Mmoja alipata meli, anatuma dola. Mwingine hakupata, yuko kwenye yadi ya makontena akihesabu mizigo kama kibarua, analipwa kwa siku. Kozi haikuwa mbaya kwa huyu wa pili. Alikosa kile kipande cha katikati, kati ya cheti na meli, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba kipande hicho kipo. Mzazi anayempeleka mtoto chuo cha ubaharia anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kulipa hata shilingi: wahitimu wenu wa miaka miwili iliyopita, wangapi walipandishwa meli? Chuo kinachofanya kazi hiyo vizuri kitafurahi kulijibu.

Kozi za nchi kavu za bandari nazo zina hatari yake. Jirani yangu alisomea forodha na utoaji wa mizigo, kozi iliyowalisha baba zetu wengi hapa. Alimaliza wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ikihamishwa. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bara ipande reli ya SGR na kushughulikiwa Nairobi. Ofisi za mawakala zikapunguza watu, madereva wakaegesha malori, mama wa chakula wa Changamwe wakazima majiko. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba shughuli hizo zinarejea Mombasa. Jirani yangu hakubadilisha chochote katika cheti chake kati ya miaka hiyo. Cheti kilishuka bei kwa agizo, na kikaanza kupanda tena kwa agizo jingine. Hilo hutalikuta kwenye jedwali lolote la mishahara ya wahitimu.

Wakati unaohitimu nao una kauli yake. Vijana waliomaliza kozi za hoteli mwaka 2020 walikuta hoteli za Diani na Malindi zimefungwa kwa sababu ya korona. Huko Kanada, Oreopoulos, von Wachter na Heisz walichunguza wahitimu waliotoka chuo wakati uchumi umedorora. Walianza na mapato yaliyo chini kwa takriban asilimia 9, pengo likapungua nusu ndani ya miaka mitano, na likaisha ndani ya miaka kumi. Walioziba pengo haraka walikuwa wale walioanza popote palipopatikana, kisha wakahama kwenda kwa mwajiri bora. Nimewaona wa kwetu pia waliofanya hivyo: mmoja alianza kuuza samaki kwa simu akingoja hoteli zifunguliwe, na hadi leo anaziuzia hoteli hizo samaki.

Neno moja kuhusu kompyuta, maana kila mzazi sasa anasema "asome kompyuta". Ni kweli kozi za teknolojia mara nyingi hulipa vizuri mwanzoni. Lakini David Deming na Kadeem Noray walionesha mwaka 2020, kwa takwimu za Marekani, kwamba nyongeza hiyo huwa kubwa zaidi siku mtu anapoingia kazini, na katika miaka kumi ya mwanzo hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu ujuzi hubadilika na wapya wanakuja na ujuzi mpya. Anayechagua kompyuta awe tayari kusoma maisha yake yote. Asiyependa kusoma, kazi hiyo itamchosha mapema.

Na deni nalo lihesabiwe. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo si kubwa. Kinachouma ni faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi ukichelewa kulipa. Rudi kwa yule mwalimu mwanagenzi wa Sh20,000, umtolee hizo. Mimi nilipokuwa nazima simu nilidhani najificha, kumbe deni lilikuwa likikua gizani.

Tulikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Nilimwambia mpwa wangu sitamchagulia, ila nitampa kazi ya wiki moja. Awatafute watu watatu kwa kila kozi, waliohitimu miaka miwili au mitatu iliyopita. Asimwendee mwalimu mkuu anayestaafu wala muuguzi wa miaka thelathini, maana hao waliingia kwa mlango ambao haupo tena. Awaulize ulikaa miezi mingapi, nani alikulipa kwanza na kiasi gani, na ni karatasi gani waliyokudai zaidi ya cheti cha chuo, na iligharimu kiasi gani. Na awaulize attachment walifanyia wapi, kwa sababu wengi walioajiriwa mapema waliajiriwa pale pale walipofanyia mafunzo, na mafunzo hayo mara nyingi hayalipi, ila nauli ya matatu inahitajika kila siku.

Alirudi na daftari. Muuguzi mmoja wa diploma alipata kazi ya kliniki ya binafsi baada ya miezi minne, pesa kidogo, zamu nyingi za usiku. Mwingine alikaa mwaka. Mwalimu wa Kiswahili na dini alikuwa mwaka wa tatu bila TSC, akifundisha shule ya bodi. Mwalimu wa hisabati na fizikia alipata shule ya binafsi kabla hata ya mahafali. Wa biashara watatu walikuwa na majibu matatu yasiyofanana hata kidogo, mmoja akiwa ameacha yote anaendesha tuktuk.

"Damu siogopi," akaniambia, "lakini usiku siuwezi, Mjomba. Hisabati nilipata A-, fizikia B+."

Nikamwuliza kama anapenda kufundisha. Akasema wadogo zake wote wawili yeye ndiye aliyewafundisha kugawanya kwa desimali, na yule mdogo sasa anaongoza darasa.

Dadangu alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. Hakuuliza kuhusu mshahara. "Hiyo ya hisabati," akasema, "akimaliza atakaa miezi mingapi?"

Nikamwambia kwa waliouliza, mmoja hakukaa kabisa, lakini asitegemee hivyo. Aweke mwaka mzima, na kama TSC ni uanagenzi kwanza, aweke na huo.

Akafikiria kidogo. "Mwaka naweza," akasema. "Wa pili siwezi, wa pili huyu mdogo atakuwa sekondari."

Mpwa wangu akaandika "miezi 12" juu ya ukurasa wa daftari, akaipigia mstari mara mbili, kisha akafungua simu kutafuta nambari ya kozi.